Kupima asteroidi kwa darubini ya uani: mtu aliyeko Pemba aanzie wapi?

Kipwani (Wete)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimerithishwa na ami yangu, aliyekuwa akiishi Ulaya, darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 150 na urefu wa fokasi wa milimita 750, pamoja na stendi ya kiikweta (ile ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, ili izifuate nyota) yenye mota na kamera isiyo ya rangi ambayo kila piseli yake ina upana wa maikromita 3.76. Yeye alikuwa akipigia picha za nebula. Nia yangu mimi ni nyengine: nataka kupima asteroidi, na nataka vipimo vyangu vimfae mtu mwengine zaidi ya mimi mwenyewe.

Ninalo suala la chombo na suala la kazi yenyewe. Stendi haishuki chini ya nyuzi 20, ilhali hapa Wete ncha ya anga ya kusini iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, tena nyuma ya minazi ya jirani, kwa hivyo sijui mhimili nitauelekezaje. Ama kuhusu kazi, nimesoma kwamba mtu wa kawaida anaweza kupima mahali asteroidi ilipo, au namna mwangaza wake unavyopanda na kushuka inapojizungusha, au muda ambao inaifunika nyota. Katika hayo matatu, lipi linastahili kutangulizwa na mtu aliyeko visiwani, mwenye vifaa kama hivi na umeme wa kukatikakatika?

Msomajinyota (Makunduchi)

Wa alaykum salaam ndugu Kipwani, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri ami yako.

Nianze na stendi, kwa sababu bila ya hiyo mengine yote ni maneno. Stendi nyingi hutengenezwa kwa ajili ya watu wa latitudo za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na sisi tulio karibu na ikweta huwa tumesahauliwa. Kwa kuwa yako inakomea nyuzi 20 nawe unahitaji 5, hizo 15 zilizobaki zitoe chini yake. Mwambie seremala akukatie kabari ya mbao ngumu yenye pembe ya nyuzi 15. Kitako kikiwa na urefu wa sentimita 30, upande mnene utainuka kwa sentimita 8. Upande huo mnene uwe kaskazini, ili stendi nzima iiname kuelekea kusini. Mguu mmoja wa tripodi uuelekeze kusini vilevile, kwa sababu uzito wote utakuwa umelalia huko, na kabla hujawasha mota izungushe darubini kwa mkono pande zote uhakikishe kwamba fimbo ya uzani haigongi mguu huo. Ikigonga, tia nguzo fupi baina ya tripodi na kabari.

Ncha huhitaji kuiona. Nyota iliyo karibu nayo kule kusini, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata kusingekuwa na minazi, ukungu wa upeoni ungeificha. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, mathalan Mintaka katika ukanda wa Orion, wakati inapopita juu kabisa. Ukiona inahama kuelekea kaskazini au kusini ilhali mota inafanya kazi, mhimili umekwenda upande, basi usukume stendi kidogo kidogo kushoto au kulia mpaka nyota itulie. Kisha chukua nyota nyengine iliyo chini upande wa mashariki. Hiyo ikihama, mhimili uko juu mno au chini mno. Kazi hii inachosha usiku wa kwanza, lakini ukishapiga alama za rangi kwenye sakafu pale miguu ilipokaa, hutaianza upya kila siku.

Tulichonyimwa upande wa ncha tumelipwa upande wa utosi. Asteroidi nyingi hutembea karibu na njia ya Jua angani, na njia hiyo visiwani kwetu hupita juu ya vichwa vyetu au karibu navyo, kwa hivyo asteroidi iliyo kwenye njia hiyo huvuka kati ya mbingu ikiwa zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo, mwezi wowote wa mwaka. Mtu wa London, asteroidi inapokuwa katika buruji la Kausi, huiona nyuzi 15 tu juu ya mapaa ya majirani. Na usiku wetu haufupiki: mwaka mzima una takriban saa 12, wakati wenzetu wa kaskazini mwezi wa Juni hawapati giza la kutosha hata kidogo.

Hali ya hewa nitaipita kwa haraka kwa sababu unaijua. Wakati wa masika funga kila kitu ndani pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, kwani kioo hushika ukungu na chumvi ya bahari hula skrubu. Wakati wa kusi mbingu hufunguka lakini bomba la darubini yako litashika upepo kama tanga, hivyo jifiche nyuma ya ukuta. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa nao huwa kazini na taa zao, na nyakati zao za kheri ndizo zetu, kwa hivyo usiielekeze darubini chini upande wa bahari.

Maalim wa Fizikia (Mji Mkongwe)

Ndugu Msomajinyota ameeleza vizuri mambo ya chombo. Mimi niseme juu ya kupima mahali, kwa kuwa huo ndio mlango ambao wengi huingilia.

Kwanza ujue kila piseli yako inafunika kiasi gani cha anga. Zidisha upana wa piseli kwa 206 kisha ugawe kwa urefu wa fokasi. Kwa vifaa vyako jibu ni takriban sekunde moja ya tao, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja, nacho ni kipimo kizuri sana. Asteroidi ya ukanda mkuu, ule ulio baina ya Mirihi na Mshtarii, inapokuwa upande wa pili wa Dunia kutoka kwenye Jua, huhama kiasi cha nusu sekunde ya tao kwa kila dakika. Maana yake picha ya sekunde 60 haitakuonesha mstari, bali nukta kama nyota nyengine, na ukipiga picha nyengine baada ya nusu saa nukta hiyo itakuwa imesogea piseli kama 15 wakati nyota zote zimetulia. Programu kama Astrometrica au Tycho Tracker huzitambua nyota zilizomo katika picha, zikazilinganisha na orodha ya nyota iliyopimwa na chombo cha Gaia cha Ulaya, na hatimaye zikakupa mahali asteroidi ilipokuwa. Kwa kioo cha milimita 150, asteroidi za daraja la 15 la mwangaza (namba ikizidi, kitu ni hafifu zaidi) hazitakushinda.

Jambo linalowaponza watu ni saa. Kila kipimo huandikwa kwa saa ya dunia (UTC), na sisi tuna saa zetu mbili, ile ya simu na ile tunayozungumza. Kanuni ni nyepesi: kwa nyakati za usiku chukua saa ya Kiswahili uongeze 15, na ikizidi 23 utoe 24. Saa 3 ya usiku ni 18:00 ya saa ya dunia. Saa 9 ya usiku ni 00:00, na hapo ndipo tarehe yao inapogeuka. Kwa hivyo kazi moja ya usiku mmoja wa Wete hubeba tarehe mbili, wala tarehe hizo hazigeuki magharibi kama tulivyozoea katika mwezi wa Kiislamu, wala saa 6 ya usiku kama kalenda ya ukutani. Kompyuta yako iwe inasahihisha saa yake kwa intaneti au, kwa kuwa umeme na mtandao havina ahadi, kwa kipokezi kidogo cha GPS. Kwa asteroidi ya ukanda mkuu kosa la sekunde moja halionekani, lakini kwa zile zinazopita karibu na Dunia, ambazo huweza kukimbia sekunde kadhaa za tao kwa kila sekunde ya saa, kosa hilohilo linakiharibu kipimo kizima.

Vipimo hupelekwa Minor Planet Center, kituo kilichoko Cambridge, Massachusetts, ambacho hukusanya vipimo vya mahali vya dunia nzima. Kabla ya kukupokea hukutaka upime asteroidi kadhaa ambazo njia zao zinajulikana barabara, kwa usiku miwili, pamoja na latitudo, longitudo na urefu wa mahali pako kutoka usawa wa bahari. Wakiona makosa yako hayazidi sekunde moja ya tao, hukupa namba ya kituo. Tafadhali usianze na asteroidi ngumu kwa kutaka sifa; anza na zile ambazo jawabu lake linajulikana, kwa sababu hapo unachopimwa ni wewe.

Faida yake ipo. Tarehe 7 Oktoba 2008 jiwe lililopewa jina la 2008 TC3 liliingia angani juu ya jangwa la kaskazini mwa Sudan. Lilikuwa limegunduliwa siku moja tu kabla, na baina ya kugunduliwa na kuanguka watazamaji wa nchi mbalimbali, wakiwemo wasioajiriwa kwa kazi hiyo, walituma mamia ya vipimo vya mahali, ndiyo maana mahali pa kuanguka palijulikana mapema na vipande vikaokotwa.

Mkaidi (Mkoani)

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini sioni kwa nini mtu akeshe na umande akipima kitu ambacho wenye mamilioni wameshakipima. Asteroidi zinazojulikana zimepita milioni 1.4. Kituo cha darubini cha Vera Rubin kule Chile, katika picha zake za mwanzo zilizotangazwa Juni 2025, kilionesha asteroidi mpya zaidi ya 2,000 kwa saa chache tu za kutazama. Huyu kijana wa Wete amebakishiwa nini?

Binti Kilimia (Nungwi)

Kaka Mkaidi, suala lako ni la haki, na kwa upande wa kugundua asteroidi mpya jibu langu ni kwamba hakubakishiwa kitu. Asiitafute. Lakini darubini kubwa ya namna ile hupiga picha ya sehemu moja ya anga kisha ikahamia nyengine, na usiku wake haigawiwi jiwe moja. Isitoshe, vitu vyenye mwangaza mkubwa humshinda mwenye jicho kubwa, maana huijaza kamera mpaka isipimike. Kukaa na asteroidi moja ya daraja la 12 au 13 kuanzia isha mpaka alfajiri ni kazi ya mtu mwenye darubini yake uani, nami, tofauti na Maalim, ningemshauri ndugu Kipwani aanzie hapo.

Kazi yenyewe ni kupima mwangaza. Asteroidi nyingi si tufe. Ni mawe marefu yanayobiringika, na kila yanapotuonesha ubavu mpana hung'aa zaidi kuliko yanapotuonesha ncha. Katika mzunguko mmoja, kwa kawaida, mwangaza hupanda mara mbili na kushuka mara mbili. Eros, iliyogunduliwa Berlin mwaka 1898, hujizungusha kwa saa 5.27 na katika nyakati fulani mwangaza wake wa juu huwa karibu mara nne ya ule wa chini. Kleopatra hujizungusha kwa saa 5.4 hivi, nayo ina umbo la mfupa, mnene huku na huku na mwembamba katikati. Asteroidi kama hizo ni walimu wazuri kwa anayeanza, kwa kuwa tofauti ni kubwa na hata picha zisizo safi sana huionesha.

Unapiga picha mfululizo, tuseme za sekunde 60, na katika kila picha unaulinganisha mwangaza wa asteroidi na wa nyota nne au tano za jirani ambazo hazibadiliki. Wingu jembamba likipita huzipunguza zote kwa pamoja, hivyo tofauti baina yao hubaki ileile. Ndiyo maana kazi hii huvumilia mbingu zetu za pwani kuliko watu wanavyodhani. Usisogeze fokasi katikati ya usiku, na usianze kabla asteroidi haijafika nyuzi 30 juu ya upeo. Iepuke pia inapopita katika Kausi au Akarabu mbele ya Njia Nyeupe, kwani huko nyota zimesongamana na asteroidi yako itakuwa kila dakika inakanyaga nyota ya nyuma yake.

Usiku wetu mrefu ni neema hapa: asteroidi inayojizungusha kwa saa 5 unaimaliza yote kwa usiku mmoja, ukabakiwa na muda wa kuhakikisha. Kuna mtego mmoja tu. Ikiwa inajizungusha kwa saa 12 au 24, kila ukirudi siku ya pili wakati uleule itakuonesha uso uleule, na ukiwa peke yako Wete unaweza kukesha mwezi mzima bila kuiona yote. Hapo lazima utafute mwenzako wa longitudo nyengine, aliyeko Australia au Amerika ya Kusini, mkaunganisha vipande. Hifadhi ya ALCDEF hupokea vipimo vya namna hii kutoka kwa yeyote aliyevipima kwa uangalifu.

Na kama bado unaona ni mchezo, kaka Mkaidi, tazama yaliyofanywa tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha DART kilipoigonga Dimorphos, asteroidi ndogo inayoizunguka Didymos. Hakuna aliyekwenda huko na saa. Ilijulikana kwamba mzunguko wake umepungua kutoka saa 11 na dakika 55 hadi takriban saa 11 na dakika 23 kwa sababu darubini za hapa duniani zilikaa zikipima namna mwangaza unavyofifia kila kimoja kinapomfunika mwenziwe.

Kipwani (Wete)

Shukran nyingi sana. Kabari nitaiagiza wiki hii. Dada Binti Kilimia amenivuta upande wake, lakini naomba niulize jambo moja zaidi. Nikishaujua mwangaza wa asteroidi, je, naweza kuujua ukubwa wake kwa kilomita?

Maalim wa Fizikia (Mji Mkongwe)

Kwa kukisia tu, na kisio hilo lina mlango mpana. Jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi huweza kung'aa sawasawa. Kanuni huchukua 1,329, ikagawanya kwa kipeuo, yaani mzizi wa pili, cha uakisi wa uso, kisha ikazidisha kwa 10 yenye kipeo cha hasi ya mwangaza halisi (ule uliosahihishwa kwa umbali wa asteroidi kutoka kwenye Jua na Dunia) uliogawanywa kwa 5. Asteroidi yenye mwangaza halisi wa daraja la 15, ikiwa inarudisha asilimia 15 ya nuru ya Jua, ina upana wa kilomita 3.4, ikiwa inarudisha asilimia 5 tu, inafika kilomita 5.9. Nawe kwa kamera isiyo na rangi huna njia ya kujua ni ipi kati ya hizo.

Ukitaka kilomita za kweli, ngojea asteroidi iifunike nyota. Nyota iko mbali mno, kwa hivyo kivuli kinachoanguka duniani kina upana uleule wa asteroidi yenyewe, na hupita juu ya nchi kwa kasi ya kilomita kadhaa hadi makumi kwa sekunde. Tuseme kasi ni kilomita 15 kwa sekunde na nyota imepotea kwako kwa sekunde 4.2: umeukata mwili wa asteroidi kwa mstari wa kilomita 63, na ukipima muda kwa usahihi wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kosa lako ni kilomita 1.5. Hakuna darubini kubwa itakayokudharau kwa kipimo hicho.

Ila mstari mmoja hausemi umbo. Hujui kama umekata katikati au ukingoni. Na hapa ndipo visiwa vyetu vinapofaa kuliko tunavyodhani. Kutoka Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, hadi Makunduchi ni takriban kilomita 170 za kaskazini kwenda kusini, na vivuli vingi hupita kwa upande wa mashariki na magharibi. Watu wanne waliojipanga Konde, Mkoani, Nungwi na Makunduchi ni uzio mzima: kivuli cha kilomita 100 kikipita hapa hakikosi kukatwa na angalau mmoja wao, na aghlabu wawili. Programu ya OccultWatcher hukuorodheshea matukio yanayokaribia mahali pako, na ukiingiza latitudo yako hukuambia uko umbali gani kutoka katikati ya kivuli.

Msomajinyota (Makunduchi)

Naunga mkono, nami nipo tayari kuwa ncha ya kusini ya uzio huo. Kwa kazi hii umeme hausumbui, kwa kuwa tukio zima ni dakika chache na betri ya pikipiki inatosha. Stendi nayo si lazima iwe imenyooka sana. Kinachotakiwa ni video au picha fupifupi zenye muda wa GPS uliopigwa juu ya kila moja, kuanza kurekodi dakika mbili kabla na kuendelea dakika mbili baada, na kutokata tamaa nyota isipopotea. Aliyeko Mkoani akisema nyota haikupotea, na aliyeko Nungwi akasema imepotea kwa sekunde 3, mpaka wa asteroidi umepatikana baina yao. Kwa hivyo hata asiyeona kitu aandike.

Kuhusu mwezi Aprili mwaka 2029 mmoja ataniuliza, basi nitangulie kusema. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 kuamkia Jumamosi asteroidi Apophis, yenye upana wa mita 340 hivi, itapita kiasi cha kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, ikitokea upande wa Bahari ya Hindi na kuvuka Afrika kuelekea Atlantiki, na itakuwa karibu kabisa muda mfupi kabla ya saa 7 ya usiku kwa saa zetu. Itaonekana kwa macho bila ya darubini, ila huo ni mwezi wa masika, kwa hivyo asiyetaka kuikosa aanze sasa kutafuta jamaa wa bara aliyeko mahali pakavu.

Ndugu Kipwani, wa Konde na wa Mkoani nitawatafuta mimi. Wewe nitumie latitudo, longitudo na urefu wa mahali pako kwa ujumbe wa faragha, usiviandike hapa mbele ya watu, kisha nitaingiza vituo vyetu vyote katika programu tuone kivuli cha kwanza kinachotufaa baada ya vuli kwisha.